Sumaku Kwenye Birika

Kijiwe cha kahawa karibu na kivuko cha Garsen kilikuwa na gogo moja la kukalia, birika la bati la Mahadi, muuza kahawa, na wajuzi wawili wasio na kazi. Wario, mfugaji wa Minjila, alikuja asubuhi kuuliza neno moja tu, na sasa jua lilikuwa utosini. Ng'ombe wake wa maziwa, wa pekee aliyesazwa na ukame, alikuwa amemeza kipande cha waya wa uzio wa serikali. Hataki kula, anakonda. Bwana mifugo akampa Wario sumaku nene kama kidole gumba, ng'ombe aimeze, imshikie ule waya usimchome ndani. Athman, waliyemwita Baraza kwa kupenda kutoa hukumu, akaibandika ubavuni mwa birika ili waone nguvu zake. Ikanata hapo.

— Serikali ilimlisha waya, leo inamlisha sumaku, alisema Athman. Kesho itamlisha karani wa kuvihesabu.

— Mimi nauliza maziwa tu, alisema Wario. Yataharibika?

Gershom, aitwaye Kamusi kwa kusoma kila gazeti lililofungiwa chumvi, alimeza funda kwanza.

— Maji, Bwana Wario, ni vichembe vilivyoshikana mikono. Sumaku ikizidi nguvu, vinaachana. Na maziwa ni maji.

— Vikiachana?

— Inabaki hewa.

— Basi nitakamua hewa.

— Inategemea. Kuna nyota zina sumaku kali mno, hata vichembe visivyopatana hushikana.

— Kama machifu mbele ya DC, alisema Athman.

— Hapo maziwa yatakuwa jiwe. Na ndama akinyonya, atalala akielekea kaskazini maisha yake yote.

— Angalau hatapotea, alisema Athman. Lakini ngoja kwanza, Wario. Mwenda pole hajikwai.

— Ng'ombe wangu anaenda pole kwa sababu anakufa.

Mahadi akamimina tena. Wario akanywa, hata kubishana kulikuwa kumemchosha.

Ndipo akatokea mkewe, Batula, vumbi hadi magotini.

— Baba Dida, ng'ombe amelala, hataki kuinuka. Dawa iko wapi?

— Ile pale. Wanasema inavunja maji.

Batula akaitazama sumaku, akalitazama birika, kisha vikombe mikononi mwao.

— Hiyo mnayokunywa imetoka humo tangu asubuhi?

— Tangu asubuhi, alisema Gershom.

— Na bado ni kahawa?

Gershom akachungulia kikombe chake. Athman akakohoa, akautazama mto.

Wario akaibandua sumaku kwa kucha. Iling'ang'ania kidogo, kama mzee asiyetaka kuondoka barazani, halafu ikaachia. Akamfuata mkewe, kwa mara ya kwanza siku hiyo akienda mbio.

— Mahadi, ongeza, alisema Gershom.

— Imekwisha.