Njoo na Kalamu Yako

Bwana asifiwe, wapendwa. Namwona mzee wa kanisa ameshaangalia saa, kwa hivyo sitawachosha.

Mnanijua. Kwenye mazishi, kuanzia Takawiri mpaka Lambwe, nikipewa kipaza sauti watu wanaacha hata chakula. Lakini ndugu zangu, nawaambia ukweli: nipe karatasi tupu, nakuwa bubu.

Mwaka wa mwisho chuoni, nikisomea ualimu wa chekechea, tulitakiwa kuandika mradi kuhusu watoto tunaowafundisha. Nikaenda saiba, kule kwenye kompyuta za kulipia, nikaandikiwa. Msimamizi wangu akafungua ukurasa wa tatu, akauliza, "Mama, hapa ulimaanisha nini?" Sikujua. Wuololo! Akanipa wiki sita niandike upya, la sivyo cheti hakuna. Na shule ya kisiwani ninakofundisha ilishaniambia, bila cheti nafasi yangu anapewa mwingine.

Nikapelekwa kwa mwalimu wa pale chuoni ambaye kazi yake ni kuwasaidia wanafunzi kuandika. Nikamsukumia kalamu. Akairudisha.

"Sikuandikii, mama. Niambie tu, watoto wako wanajifunzaje kuhesabu?"

Nilikasirika, nilidhani ananichezea. Nikamwambia kwa hasira vile watoto walichoka na vijiti vya darasani, mpaka nikawapeleka ufuoni mama zao wanakoanika omena, wale dagaa wa ziwani, tukahesabu ndoo zikishushwa kutoka mashuani. Na vile kasichana kamoja kasikoongea kabisa kalisema "nane" mbele ya wote.

Akasema, "Sasa andika hayo hayo, kabla hayajapoa."

Niliandika ukurasa mmoja, makosa tele. Hakugusa hata moja. Aliuliza tu, "Huyo msichana alikuwa amenyamaza tangu lini? Mimi sikuwepo." Nikaandika tena. Mara ya nne ndipo akasema, haya, tuangalie tahajia. Siku moja nililia pale mezani. Alinipa chai, hakunipa majibu.

Siku ya kutetea mradi, msimamizi akafungua ukurasa wa tatu. Niliongea mpaka akasema, "Imetosha, mama."

Namshukuru mume wangu aliyepika wiki zote sita, chumvi ikizidi. Nawashukuru nyinyi mlioniombea. Na yule mwalimu, nilimchukia kwa kukataa kushika kalamu yangu. Leo namshukuru kwa hilo hilo, maana cheti ni changu na maneno ni yangu.

Sasa, kuna dada mmoja humu ndani aliniomba jana nimwandikie barua ya kazi. Simtaji. Dada yangu, baada ya ibada nitakungoja hapo nje. Njoo na kalamu yako.