Sauti ya Lydiah Mwelu Iliyojulikana Gikomba

Lydiah Mwelu Muindi alizaliwa Kangundo tarehe 9 Machi 1971, binti wa tatu wa Mzee Muindi. Alisoma hukohuko hadi darasa la nane. Karo ya sekondari ilipokosekana, hakulia, alitafuta kazi.

Katika soko la Gikomba, Nairobi, alianza kwa kukunja nguo za wengine, akaishia kuwa na kibanda chake. Robota la mitumba likifunguliwa, yeye ndiye aliyenadi, na wateja walimsikia kabla ya kumwona. Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Bw. Wachira Irungu, ambaye husema alienda kununua shati moja akatoka na matatu, na mke.

Mwaka 2019 alipasuliwa tumbo. Tumbo lilipona, lakini mrija wa kupumulia ulimchubua koo. Kwa wiki kadhaa alinong'ona tu, wateja wakahamia kwa jirani. Kwa hiyo Juni 2024, saratani ya utumbo ilipomrudisha kwenye upasuaji, hakuogopa kisu. Aliogopa mrija. Alimkalisha chini daktari wa usingizi, Dkt. Khawla.

"Huo mrija ni saizi gani?"

"Mwembamba kuliko ule wa kwanza, mama. Nitaangalia njia kwa kamera, niupitishe polepole. Ukikataa kupita, sitausukuma."

"Punguza tena kidogo."

"Nikipunguza zaidi hutapata hewa ya kutosha."

"Hiyo ndiyo ya mwisho?"

"Ya mwisho, mama."

"Haya, nifungie."

Alipozinduka, Wachira na binti yao Mukami walikuwa wamesimama kando ya kitanda, hakuna anayethubutu kumsemesha. Alimeza mate. Uso ukakunjamana. Mukami akageukia ukuta.

"Mbona mko wote hapa?" akasema. "Kibanda mmemwachia nani?"

Sauti ilikuwa kavu kidogo, lakini ilikuwa yake. Kufikia Septemba alikuwa akinadi tena.

Saratani ilirudi Februari mwaka uliofuata. Wiki yake ya mwisho, akiwa kitandani nyumbani Komarock, alimpigia simu Ndung'u, fundi wa majeneza. "Toa hizo nakshi, upunguze bei," alimwambia. "Mimi sitaziona, na hawa watakuwa wanalia." Alifariki Jumapili, tarehe 4 Mei 2025. Jeneza mnaloliona hapa mbele halina nakshi.

Ameacha mume, watoto wake Mukami na Kimani, wajukuu wawili, na kibanda ambacho Mukami atakifungua Jumatatu.

Apumzike kwa utulivu Mwelu wetu. Bei yake ya mwisho tumeikubali.