Bidoni kumi na moja za Papa Nzabandora

Imesemwa na Mama Anastasie, wa kufua vitambaa vya fromage. Imeandikwa na Noëlla wa bureau, ofisi yetu.

Papa Edmond Nzabandora amefanya miaka makumi tatu na mbili mu kiwanda yetu ya fromage, jibini ya maziwa, hapa Muheto. Siku ya kwanza ya mwezi wa saba anaenda kupumzika. Bureau iliuliza kama tutoe mu hesabu ile miezi tulikuwa tumekimbia vita. Mie nikakatala. Kukimbia na presse, ile chuma ya kukandamiza fromage, ku mugongo, ile nayo ni kazi.

Kazi yake ilikuwa moja: kuondoa kutu. Bidoni za kubebea maziwa, sufuria kubwa, presse, milango ya chumba cha baridi, chuma yote ilipita mu mikono yake. Miaka makumi tatu alisugua na brosi ya nyaya, muchanga na asidi. Akakohoa, akasugua. Wakati wa kuandikisha watu kwa uchaguzi, mashine ilikosa alama ya vidole vyake vyote kumi, juu brosi ilikuwa imezimaliza. Vijana wa kuandikisha wakamuuliza kama yeye ni muntu kweli. Alituhadisia akicheka, kisha akarudia brosi yake.

Miaka mbili iliyopita ikaja mashine ya laser. Ni sanduku yenye waya murefu, na ku mwisho wa waya kuko mukono wenye umbo ya bunduki. Papa akasema bunduki zimetosha hapa kwetu Masisi. Yeye ataiita taa. Na sisi wote tukaiita taa. Haina muchanga, haina asidi. Inapiga na kuachilia, inapiga na kuachilia, mara nyingi kupita hesabu, ikilia kama chumvi mu moto. Kutu inageuka moshi, chuma inabakia nzima. Fundi aliyetoka Goma alikataza jambo moja: mukono usisimame. Ukikawia pahali pamoja, taa inaanza kukula chuma yenyewe, na ile alama haitoke tena. Fundi alipanga kumufundisha wiki mbili. Papa alijua kwa siku ine.

Mie nilikasirika. Hiyo taa ilikuwa wapi wakati mugongo yake ilikuwa ingali imenyooka?

Sasa niseme kosa yake, juu kusifu muntu bila kosa tunafanya ku maziko. Mu stoo kulikuwa bidoni kumi na mbili za jamaa zilizokimbia vita. Kwetu kila nyumba inapaka alama yake ku bidoni, kwa rangi, ili maziwa yasichanganyike: mistari, duara, pembe ya ngombe. Wale watu walimuachia Papa bidoni zao, akawaambia watazikuta. Papa Sylvain, gérant, musimamizi wetu, alitaka kuzitupa mara nyingi, apate nafasi. Papa Nzabandora akakatala kila mara. Halafu wiki ya kwanza ya taa, kwa furaha, akasafisha moja. Kutu ikaenda. Rangi nayo ikaenda. Ilikuwa ya Mama Uwimbabazi, na ile alama ilipakwa na bwana yake mbele ya kufa. Papa akazima mashine, akaketi chini. Zile kumi na moja akaziacha na kutu yao.

Mwezi wa pili wa mwaka huu, Mama Uwimbabazi akatoka kambi ya wakimbizi ya Mweso, juu ya pikipiki. Alikuwa amepata ngombe moja, alikuja kutafuta bidoni yake. Akaangalia zile kumi na moja, moja moja, hakuiona. Papa angeweza kunyamaza. Bidoni yenye kung'aa bila alama, nani angeijua? Akaileta mwenyewe.

— Mama, yako njo hii. Alama, ni mie nilifuta.

Hakulia. Alimuita muzee bila akili mbele yetu wote, na hakuna aliyemutetea, hata mie. Halafu akachovya kidole mu maji ya fromage, akachora chini ku simenti: mistari mbili na pembe.

— Andika sasa. Na isifutike.

Papa akavaa miwani yake ya kijani, ya kukinga macho na taa. Akafanya ile fundi alikataza: akasimamisha mukono. Mustari kwa mustari, taa ikakula chuma. Yule mama akapitisha kidole mu ile mistari, akabeba bidoni, akaenda bila kuaga. Siku ya ine akarudi nayo. Ilikuwa na lita sita za maziwa.

Tangu pale Papa anamufundisha Astrid, binti wa hapa kiwandani, yeye njo anabakia na taa. Anamuonyesha kuzunguka rangi, vile muntu anazunguka kidonda akiosha mutoto. Bidoni ine zimesafishwa hivyo, na alama ziko. Saba zingali na kutu yao. Juma hili Papa ameniuliza mara tatu kama tutazitupa akishaenda.

Papa Nzabandora, aksanti kwa kila fromage iliyotoka hapa bila ladha ya kutu. Aksanti kwa kusema ukweli siku ile uongo ilikuwa rahisi. Mama Nyiramahoro, mukeo, tumemuomba asikupe brosi tena mu mukono, hata ya viatu. Tunakuombea maharagwe mengi, kifua chepesi, na usingizi wa muchana.

Ufunguo wa stoo iko ku shingo yangu. Gérant ameshaambiwa bidoni hazitupwe, na ni mie nilimwambia. Wenye bidoni wakikuja, watazikuta. Enda ulale, Papa.