Mkunga wa Jumanne, Mama wa Mmoja

Tunayemsindikiza leo ni mkunga mstaafu. Wengi wenu mlimwita Bibi Mkunga, na wengine, ambao hamkuwahi kumwona sura, mlimjua kama Mkunga wa Jumanne. Alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili na wa mwisho wa mwenye duka na mshona nguo. Tarehe hiyo ni ya uhakika. Dada yake mkubwa alikuwepo, alifukuzwa chumbani, akasikiliza yote kupitia ukutani. Alipoitwa kumwona mtoto, aliuliza kama bado inawezekana kumrudisha.

Alianza shule ya msingi Januari 1959. Nafasi ya kuendelea na sekondari ilikuwa ya mmoja tu katika nyumba ile, na akapewa mdogo. Dada mtu alibaki dukani kupima sukari, na uso alioukunja siku ile haujakunjuka vizuri mpaka leo. Lakini haki ya mtu isemwe: mdogo hakuichezea nafasi ile. Mwaka 1970 aliingia chuo cha uuguzi na ukunga, na Novemba 1973 akahitimu akiwa na cheti, viatu vyeupe, na tabia ya kunawa mikono hata akiwa hajagusa kitu.

Aliajiriwa hospitali ya wilaya, wodi ya wazazi, na hakuhama mpaka alipostaafu mwaka 2006. Wodi ile ilikuwa na mapazia ya kijani na dirisha moja lililogoma kufunga. Mzazi akilia sana, marehemu hakumkaripia kama wenzake. Alimwinamia sikioni, akamnong'oneza maneno, na mama wa watu akatulia. Maneno yenyewe hakuwahi kuja nayo nyumbani.

Jumamosi, tarehe 21 Agosti 1976, aliolewa na dereva wa lori la saruji, mtu wa utani, mwenye wivu aliouvaa hadharani kama kofia. Wawili hao hawakuweza kuvuka sokoni bila mwanamke kumsimamisha mkunga na kumsukumia mtoto mbele: huyu hapa, ulimtoa wewe, mwone alivyokua. Dereva alisubiri pembeni ameshika kapu, na akichoka alikohoa, akasema, "Na mimi nilikuwepo jamani. Nilikuwa nje naegesha." Soko zima likacheka. Dereva huyo alifariki tarehe 2 Juni 2009, na alipata maziko makubwa.

Baada ya kungoja miaka mingi walijaliwa binti, tarehe 5 Mei 1983, naye hakupata wa kumfuata. Binti alirithi wivu wote wa baba yake, ila utani haukumfikia. Mtoto wa mkunga hukua akiona mashavu ya watoto wa watu yakishikwa, wakitajiwa uzito waliozaliwa nao na saa waliyozaliwa. Yeye akisema tumbo linauma, aliambiwa, "Kunywa maji, ulale." Jino likiuma, "Sukutua na chumvi." Mama alirudi kazini maneno yamemwishia, amewagawia wengine. Binti aliolewa na fundi umeme, akahamia upande wa pili wa mji, akawa anakuja Jumapili kama mgeni mwingine yeyote.

Mwaka 2014 wakunga wastaafu walianzisha shirika la hisani na ukurasa wa bure kwenye mtandao, wakauita Dirisha la Mkunga. Mjamzito au mzazi mpya anaandika swali kwenye simu bila kutaja jina, anajiita anavyotaka. Mkunga wa zamu anamjibu kwa sauti, naye haulizwi jina. Zamu ya marehemu ilikuwa Jumanne. Alivaa miwani, akafuta meza ya chakula kana kwamba anatandika kitanda cha kuzalishia, ndipo akawasha simu.

Jumanne moja binti alikwenda kurudisha sufuria, akasimama kwenye mlango wa jikoni. Mama yake alikuwa anaongea na simu kwa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia. "Mwanangu, kwanza kaa. Umekaa? Haya, sasa nieleze polepole, wala usione haya, hakuna ambalo sijaliona." Binti aliweka sufuria chini akaondoka bila kubisha hodi. Usiku alimlalamikia mumewe kwamba mama yake ana wanawe wa mtandaoni. Mume akasema ni vizuri, mzee amepata shughuli. Aliambiwa akalale na nyaya zake.

Mwaka 2018 binti alipata mimba. Alimwambia mama yake Jumapili, na mama akaitikia, akasema, "Kunywa maji, upumzike." Jumanne iliyofuata binti alifungua Dirisha la Mkunga, akajiita Mgeni, akaandika kwamba harufu ya nguo zilizopigwa pasi inamtapisha, anaogopa, na hana wa kumwambia. Jibu lilikuja kwa sauti ile ile ya jikoni. "Mwanangu Mgeni, karibu. Umefanya vizuri kuniambia." Alilisikiliza bafuni, bomba likiwa wazi ili mumewe asisikie, kisha akalirudia.

Tangu hapo kila Jumanne Mgeni aliuliza, na kila Jumanne alijibiwa. Alielezwa habari za miguu, usingizi, hofu, na ndoto za ajabu. Jambo lililomshangaza binti mwenyewe ni kwamba alianza kumwonea wivu Mgeni. Jumapili alikaa mbele ya mama yake akimtazama anavyochambua maharage kimya kimya, moyo ukimchoma: huyu ana binti mwingine, na anampenda kuliko mimi.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, Mgeni aliandika kwamba kichwa kinamuuma tangu jana, uso umevimba, na anaona vimulimuli. Safari hii hakuna sauti iliyokuja. Kilichokuja ni teksi, ikapiga honi mlangoni, na ndani yake mama mtu, amevaa kandambili, ameshika mkoba wake wa zamani wa kazi. Alisema alikuwa anapita tu. Binti, kwa maumivu aliyokuwa nayo, hakujiuliza ni wapi mtu anapita kwa teksi na kandambili upande huo wa mji. Alipelekwa hospitali moja kwa moja, akafanyiwa upasuaji jioni ile, na mjukuu wa kike akazaliwa mzima.

Mtoto alipoanza kukaa, Mgeni aliuliza swali lake la mwisho. Aliuliza kama mama anaweza kumpenda mwanawe bila kumwambia. Jumanne ile hakujibiwa, na iliyofuata pia. Binti hakurudi tena dirishani. Aliona kwamba sasa hata Mgeni amenyimwa.

Oktoba 2022 marehemu aligundulika kuwa na kansa ya ini. Binti alimhamishia kwake, kwenye chumba cha mjukuu. Zamu hakuiacha, alijibu akiwa ameegemezwa mito, na mikono ilipokosa nguvu, binti ndiye aliyemshikia simu mdomoni, akimsikiliza anavyowaita watu wengine mwanangu. Mnaojua wivu ni nini mtamwelewa.

Asubuhi moja ya Januari, zamu ilipokwisha, marehemu alisema, "Yule Mgeni wangu siku hizi haulizi."

Binti aliendelea kukunja shuka. "Labda mambo yake yamekaa sawa."

"Kuna swali lake sikulijibu."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilimngoja aje aniulize nyumbani. Jumapili ngapi nimechambua maharage namngoja, na yeye kichwa kigumu kama baba yake."

Binti alikaa kitandani. Aliuliza amejua tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza. Nani mwingine anatapishwa na pasi? Nilikuwa hivyo hivyo nilipokubeba wewe."

"Ukaniacha nijifanye mgeni, mama?"

"Ulikuwa unaniambia mambo. Ningekuita jina ungenyamaza." Akajiweka sawa kwenye mito. "Wale wengine siwaogopei, ndiyo maana maneno yanatoka. Wewe nilikuogopea tangu siku uliyozaliwa. Haya, uliza sasa."

Binti akauliza kwa mdomo wake mwenyewe, na mlango ukafungwa.

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, alfajiri, nyumbani kwa binti yake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwanawe.

Familia haiombi maua. Dirisha la Mkunga linaendelea, na linaishi kwa michango ya watu wenye moyo. Pale ambapo mama hana nauli ya kufika hospitali, wao ndio humtafutia gari. Mwenye uwezo awachangie, na mkunga mstaafu mwenye sauti nzuri ajitolee zamu, maana Jumanne iko wazi. Kwanza binti hakutaka ombi hili liandikwe. Alisema watu hao wamekwisha kuchukua vya kutosha. Baadaye akakubali, na ameruhusu majibu yote ya mama yake yabaki mtandaoni kwa yeyote mwenye haja nayo, isipokuwa yale aliyojibiwa Mgeni. Hayo ameomba yaondolewe, akayachukua kwake.

Marehemu ameacha dada mmoja, binti mmoja, mkwe mmoja na mjukuu mmoja. Wapo watakaotaka kujiongeza hapa, nasi tunawakaribisha, mkae, mle, mlie pamoja nasi. Ila binti ni mmoja.

Dada mtu aliomba aambiwe jibu lililotolewa asubuhi ile, ili aliweke katika wasifu huu. Binti alimtazama, akafuta macho, akasema, "Hapana, mama mkubwa. Hili ni langu." Kwa hiyo halimo.

Mkunga wetu, zamu yako imekwisha. Pumzika kwa amani.