Maziwa Yaliyosingiziwa

Kila asubuhi kwenye jipni, basi dogo la abiria, mimi huketi nyuma ya dereva na kumpitishia nauli za abiria. Leo mkono wangu ulibaki hewani, kwa sababu mama kijana aliyeketi mbele yangu alipiga ukelele. Ndiyo kwanza alikuwa amempa ziwa kichanga wake.

"Kakung'ata? Hana hata meno!" mwanamke wa makamo aliyekuwa kando yake alimtania.

"Ni fangasi, Nanay," alijibu, akimwita mama kwa heshima. "Mdomoni ana utando mweupe, na mimi chuchu zinawaka kama zimepakwa pilipili. Tumepewa dawa wote wawili."

"Mgonjwa si mtoto? Wewe ya nini?"

"Nesi kasema akitibiwa mmoja tu, tutaambukizana tena. Lakini mama mkwe anadai nilitembea juani, maziwa yakaharibikia kifuani. Anataka nimwachishe leo leo. Labda anasema kweli."

Nilidhani yule mwanamke wa makamo angemuunga mkono mama mkwe. Hapa Iloilo hata shangazi yangu, akitoka juani, hukamua maziwa ya kwanza na kuyamwaga kabla ya kunyonyesha. Badala yake alitazama nje.

"Binti yangu Merlinda alilia hivyo hivyo akinyonyesha," alisema. "Mtoto wake naye alikuwa na utando ule ule. Nikamfunga kifua kwa kitambaa mpaka maziwa yakakauka. Alinisihi sana, Inday," akamwita kwa upole, kama mtu amwitavyo binti.

"Hukujua, Nanay."

Jipni likasimama sokoni. Yule mwanamke alichukua kikapu chake, akainuka, lakini hakushuka.

"Wewe mnyonyeshe," alisema. "Maziwa ya Merlinda yalikuwa mazima. Nilimkosea mwanangu, na mpaka leo sijamwambia."