Miiba Kumi na Mitatu ya Wanyama

Mwaka 1976, Mkenya aliyeishi Kampala hata kukohoa alikohoa kwa adabu. Lakini kwenye benchi la kahawa la Mama Concy, pale Kansanga, Wanyama fundi friji alijisahau. Alikuwa ametoka Malindi kutengeneza friji za hoteli, mgongo umebabuka kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Wenzake wa kila asubuhi walikuwepo: Otema, askari jela wa Luzira aitwaye Redio, na Odoch, dereva wa polisi aitwaye Gia Nne.

— Umechapwa? akauliza Redio.

— Jua, sebo! Nimelala kifudifudi majini saa tatu nzima, miwani ya kuogelea usoni, namtazama samaki mmoja.

— Mmoja? Na hukumla?

— Nani amle! Mistari myekundu na myeupe mwili mzima, mapezi kama kanga penye upepo. Amening'inia chini ya matumbawe, kichwa chini, hana habari na mtu. Nikamsogelea, hakukimbia. Mimi ndiye niliyerudi nyuma! Wanamwita samaki-simba.

Akamchora nyuma ya pakiti ya sigara, miiba kumi na mitatu ya sumu imesimama mgongoni.

— Banange! Gia Nne akashangaa. Sajini ana mistari mitatu. Huyu si atakuwa jenerali?

— Na hiyo si miiba, Redio akanong'ona. Hizo antena. Huyo anasikia mpaka Nairobi.

— Ndiyo maana hakimbii! Gia Nne akadakia. Iko kazini!

Wanyama akacheka, kisha akagundua anacheka peke yake. Nyuma yao alisimama sajini wa jeshi, Abudu, ambaye hakuwahi kufika kijiweni hapo.

— Lete hiyo.

Wakenya walikuwa wamechukuliwa na jeshi kama majasusi kwa makosa madogo kuliko mchoro wa antena. Abudu akahesabu miiba kwa kidole, mmoja mmoja.

— Umechora wewe?

— Mimi, afande.

— Iko mzuri hivi kweli?

— Kuliko hivyo, afande. Kalamu yangu ni ya buluu tu.

— Sasa akilala, anafumba macho?

Redio akatazama viatu vyake. Gia Nne akatazama barabara. Wanyama angeweza kubuni jibu, kubuni ndiyo starehe yake. Lakini kumzulia samaki yule, roho ilikataa.

— Sijui, afande. Niliondoka kabla hajalala.

Abudu akainama, sauti chini.

— Basi la Busia, mpakani, linatoka saa nne. Panda. Kaa huko kwenu mpaka umwone amelala. Umesikia?

— Nimesikia.

Wanyama akaacha kikombe kimejaa. Alipofika barabarani akageuka: sajini ameketi mahali pake, pakiti mkononi.

— Mama Concy, tazama huyu, anasema. Tazama mapezi!