Msilie Kabla Mgeni Hajala

Sogeeni, wanangu, njooni karibu mnisikilize, maana sauti yangu hata ukingo wa kitanda hiki inauvuka kwa shida. Chenglin, acha kuninyoosha shuka, keti. Xiuqin, wewe usikae. Simama hapo mlangoni, unga wako uliokandwa usiuache peke yake, na ukisikia gari uniambie. Bado? Haya. Mimi baba yenu, Ye Zhankui, nimevuta unga kwa mikono ukawa tambi katika mji huu tangu sijaota ndevu, na leo nataka niseme yangu yote kabla yule Mjapani hajafika, kwa kuwa sijui nani atatangulia, yeye au mwenye kuchukua roho.

Mali haina maneno mengi. Imamu ataigawa kwa sheria, nanyi msimbishie. Duka aliendeshe Chenglin. Ubao wa kukandia ni wa Xiuqin, lakini haupandi ndege, basi utautunza wewe kaka yake, na akija likizo umpishe bila kununa. Ila mkono haurithiwi. Mkono wa Xiuqin ni wake aliyeutolea jasho, na ndio uliomleta Bwana Nishigaki kutoka Kobe kutafuta mpishi wa tambi wa kumdhamini akafanye kazi kwake. Vyeti amevikubali, miaka ya kazi kule Xining imethibitishwa, kimebaki kitu kimoja, aonje kwa ulimi wake. Akiridhika, atamwombea viza kwa serikali yao. Asipoonja, hakuna viza, na mlango huo haufunguki mara ya pili.

Na sisi tulifanya nini juzi alipokuja? Yaa Rabi, aibu yetu! Tulimchinjia kondoo. Tukamjaza chai ya tende, vitu vya kukaanga, mbavu zilizonona, naye anakula huku jicho liko jikoni, na mkalimani wake alipouliza kwa adabu kama tambi zipo, wewe Chenglin ukaangua kicheko, ukasema, "Tambi? Aa, mzee wetu, tambi ni chakula chetu cha kila siku, mgeni wa heshima hapewi tambi! Hebu ongeza nyama." Nami nikatikisa kichwa kwa fahari, mjinga mwenzio. Maskini mtu wa watu akaondoka ameshiba hadi kooni, hakuonja hata uzi mmoja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi mgeni alikuja na dawa, tukamziba mdomo kwa mbavu. Usiiname, Chenglin, sikulaumu, ndivyo nilivyokulea. Jana akapiga simu kwamba hawezi kuudhamini mkono asioujua, ila leo asubuhi, akienda uwanja wa ndege, atapita mara moja.

Gari hilo? La makaa? Basi.

Sasa mnajua kinachonitia wasiwasi. Nyumba iliyofiwa haiwashi jiko siku tatu, majirani ndio huilisha, na mila hiyo sitaki ivunjwe kwa ajili yangu. Wala tambi hazivutwi mapema zikangoja. Zikingoja huvimba zikawa uji. Roho ikinitoka sasa hivi, moto utazimwa, mgeni atapewa pole badala ya bakuli, ataondoka zake, na binti yangu atabaki hapa na mkono wake. Nimelala nikilipigia hesabu jambo hili kama mtu anayetafuta sindano gizani, na kila njia inanipeleka ng'ambo ya barabara, kwa Han Shibao, ambaye jiko lake halitazimwa na msiba wangu.

Naona mmetazamana. Ndiyo, Shibao yule yule, aliyenizulia sokoni kwamba supu yangu ni ya kibudu, wateja wakanikimbia, na mama yenu akafa bado anasikia maneno yale. Tangu siku ile sikumpa mkono hata sikukuu. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alfajiri nilimtuma imamu kwake, nikasema, mwambie Zhankui anaomba jiko. Jibu likarudi, "Mwambie huyo mzee kichwa ngumu, sufuria langu linachemka tangu hajaamka. Na mwambie kibudu kilikuwa uongo wangu, nilikuwa na wivu." Nimemsamehe. Imeniuma, lakini nimemsamehe. Msimrudishie neno hata moja.

Kwa hiyo, Xiuqin, usingoje nife. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Beba unga wako na supu yetu uvuke sasa hivi. Watu watasema, baba yake anakata roho naye anavuta tambi. Waambie ni amri yake. Kaka yako alikwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Alikupenda tu, hakutaka uende peke yako ugenini. Nami naogopa pia, mwanangu. Naogopa sana. Basi shika haya: mdhamini si mmiliki wako. Pasi yako ya kusafiria ilale kwako, si kwenye kabati la tajiri. Mkataba usomewe na mtu wako, si na mtu wake. Nyama uijue imechinjwa na nani. Na jikoni kwao, hata wakicheka lugha yako, unga hauna lugha.

Lete uso wako. Una unga kwenye nyusi. Usiufute. Mungu akufungulie kila mlango unaofungika, akupe riziki isiyo na masimango, akurudishe hapa ukiwa mzima. Radhi zangu unazo zote. Haya, nenda. Nenda, mama, usigeuke, unga unakauka.

Ameondoka? Chenglin, fungua dirisha. Fungua lote, baridi haina tena cha kunifanya.

Mnizike leo leo, kando ya mama yenu. Sanda iko sandukuni. Shibao awe miongoni mwa watakaonibeba... ajue uzito wangu. Na wewe, mwanangu, Mungu akutie subira. Nyumba hii ukae nayo kwa... kwa wema. Nikinyamaza, nifunike tu. Msilie. Msilie mpaka bakuli liwe tupu.

Nyamaza kidogo. Unasikia? Anapiga unga ubaoni. Pa... pa... Mkono wake huo. Kokote atakakokuwa... ndio huo huo.

Na hilo? Ni gari, eti? Limesimama?

Nenda kampokee. Niache, nenda. Mpeleke kwa Shibao moja kwa moja. Na Chenglin... chai kidogo tu, baba. Kidogo. Asije... akashiba.